Maana ya neno la Kiingereza “peruse”: ni kusoma kwa makini au ni kupitia juujuu?

MutafsiriKatuba anauliza:

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Swali langu linahusu neno moja tu la Kiingereza, lakini ni neno lililotugharimu fedha, kwa hiyo naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Kazi yangu ni kutafsiri barua katika ofisi ndogo ya usafirishaji. Shuleni nilisomeshwa kwa Kifaransa, kama wengi wetu tuliokulia Katuba, na Kiingereza nilikitafuta ukubwani kwa sababu kazi yenyewe ilinidai: malori yetu yanavuka Kasumbalesa kuingia Zambia, mengine yanateremka hadi Durban, mengine yanaelekea Dar es Salaam, na karatasi zote zinazotoka upande ule wa mpaka zimeandikwa kwa Kiingereza.

Miezi michache iliyopita tulipokea kutoka Ndola rasimu ya mkataba yenye kurasa 14. Barua iliyoisindikiza ilisema kwamba rasimu imeambatishwa “for your perusal”. Neno hilo la mwisho sikuwa nimelikuta kabla. Nikatazama umbo lake, nikaona lina “per” mbele, nikakumbuka “parcourir” ya Kifaransa, yaani kupitisha macho kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutua. Tena niliwahi kumsikia kijana mmoja wa Kitwe akilitumia kitenzi chake, “peruse”, kwa gazeti ambalo alilifunuafunua tu akisubiri chai. Basi juu ya tafsiri yangu niliandika kwamba karatasi hizi zimeletwa ili zipitiwe. Mkubwa wangu alielewa kwamba ni karatasi za kutupia jicho, na kwamba mkataba wenyewe utakuja baadaye pamoja na mazungumzo. Wiki iliyofuata waliomba sahihi, naye akatia sahihi kila ukurasa. Katika ukurasa wa 11 mlikuwa na kifungu kinachosema kwamba lori likichelewa zaidi ya siku 2 baada ya tarehe iliyokubaliwa, tutakatwa malipo kwa kila siku inayozidi, hata kama lori lilikwama mpakani. Foleni ya Kasumbalesa mnaijua. Lori letu la kwanza lilichelewa siku 9.

Kifungu hicho nilikuwa nimekitafsiri, na nilikitafsiri sawasawa. Kinachonisumbua ni lile neno la juu, kwa sababu ndilo lililompa msomaji wangu namna ya kusoma yote yaliyofuata. Naomba kujua: maana yake halisi ni ipi, kwa Kiswahili niliandikeje, na je, inafaa mimi mwenyewe nilitumie ninapowaandikia watu wa Ndola?

MwalimuRwashi anajibu:

Mama au Baba MutafsiriKatuba, pole sana kwa hasara hiyo. Nimefundisha Kiingereza hapa mjini kwa miaka mingi, na neno hili nimelisahihisha katika madaftari mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Katika Kiingereza rasmi “peruse” ni kusoma kitu kwa makini, mpaka mwisho, huku msomaji akikipima anachokisoma. “Perusal” ni jina la kitendo hicho. Hutamkwa kwa kuikazia silabi ya pili, nayo “s” yake husikika kama “z”. Ni neno la barua za ofisi, la mahakama na la vitabu. Mtu aliye nyumbani kwake hawezi kumwambia mtoto a-“peruse” daftari lake, atamwambia asome.

Kosa lako la kukumbuka “parcourir” lina sababu inayoeleweka, kwa kuwa maneno yote mawili yanaanza na kiambishi kimoja cha Kilatini, “per”, chenye maana ya kupenya hadi upande wa pili au kufanya jambo hadi mwisho. Tofauti iko katika kile kilichofungwa nyuma yake. Nyuma ya “parcourir” kuna kukimbia: Mlatini alisema “percurrere”, kukimbia hadi mwisho, na ndiyo maana Mfaransa anayesema amepitia ripoti kwa kitenzi hicho anakuacha uelewe kwamba hakutua. Nyuma ya “peruse” kuna “use”, kutumia. Lilipoanza kuandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 15, maana yake ilikuwa kukitumia kitu hadi kiishe, kukichakaza. Katika karne iliyofuata ndipo likashika maandishi: msomaji anayetumia karatasi yote, asiache mstari ambao hajautumia. Ukiibeba picha hiyo kichwani, ya mtu anayekitumia kitabu hadi kichakae, hutalichanganya tena na mkimbiaji.

Na halikuwa neno la kusoma peke yake. Shakespeare alilitumia kwa uso wa mtu na kwa silaha. Katika tamthilia ya Hamlet mfalme anapanga hila ya panga, upanga mmoja ukiwa umenolewa na mwingine butu, na anamhakikishia mwenzake kwamba Hamlet, kwa kuwa ana moyo mweupe usio na shaka na watu, hataziangalia silaha hizo moja moja kabla ya kuchagua. Kitenzi anachokitumia ni hiki hiki. Kijana yule anakufa kwa sababu hakukagua. Mimi darasani huanza na mfano huo, kwa sababu mwanafunzi akishauelewa hawezi tena kufikiri kwamba “peruse” ni kutupa jicho.

Nikuonye pia kuhusu “pursue”, ambalo ni kufuata au kufuatilia. Wanafunzi wetu huyachanganya maneno haya mawili kwa maandishi, na barua inayoahidi kwamba mtalisoma dai la mwenzenu inageuka kuwa barua inayoahidi kwamba mtalifuatilia.

KaraniWaKamalondo anaongeza:

Namwunga mkono Mwalimu, nami niongeze upande wa sheria, kwa kuwa ndiko neno hili linakoishi zaidi.

Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Zambia ikiwa mojawapo, “perusal” ni kazi inayolipiwa. Wakili akisoma nyaraka za mteja wake, usomaji huo unahesabiwa na kuandikwa katika ankara. Nchini Kenya hata amri inayopanga malipo ya mawakili ina sehemu yake kwa ajili ya kusoma nyaraka. Hakuna mteja anayekubali kulipia kutupa jicho. Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika ofisi za namna hiyo anapokuandikia “for your perusal”, anakuambia kwa adabu kwamba zamu ya kusoma ni yako, na kwamba kuanzia hapo yeye atakuhesabu kuwa umesoma.

Jambo la pili ni zito zaidi, na kila ofisi yetu inayofanya kazi na ng’ambo ya Kasumbalesa ingepaswa kulijua. Sisi huku tumezoea kuandika kwa mkono, juu ya sahihi, “lu et approuvé”, yaani nimesoma na nimekubali. Maneno hayo humkumbusha mtu, kalamu ikiwa tayari mkononi, kwamba anakiri kuwa amesoma. Katika mikataba ya Kiingereza hutayakuta, kwa sababu sahihi yenyewe inatosha kusema hivyo. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1934 inayojulikana kwa kila anayesomea sheria hiyo: mama mmoja mwenye mkahawa alinunua mashine ya kuuzia sigara, akatia sahihi karatasi iliyokuwa na masharti kwa herufi ndogo sana ambayo hakuyasoma, mashine ikawa mbovu, na mahakama ikaamua kwamba masharti yale yanamfunga kwa kuwa ametia sahihi na hakudanganywa. Kutosoma hakukumsaidia kitu.

Ndugu MutafsiriKatuba, hilo lisikuvunje moyo. Watu wa Ndola walituma rasimu, na rasimu ina mlango wa kuombea mabadiliko. Kifungu cha ukurasa wa 11 kingeweza kujibiwa kwa barua ya mistari mitatu ikiomba siku za mpakani zisihesabiwe. Mkataba mpya utakapokuja, dai hilo liwe la kwanza.

MwanaLubumbashiNdola anapinga kidogo:

Naheshimu majibu ya wakubwa, lakini mimi niliyezaliwa Kampemba na kuishi Ndola mwaka wa 8 sasa, nasikia jambo jingine. Hapa watu wanasema wame-“peruse” gazeti, wame-“peruse” bei za dukani, hata picha za arusi kwenye simu, na hakuna anayemaanisha kwamba alikagua. Yule kijana wa Kitwe aliyetajwa hakukosea Kiingereza, alikisema kama kinavyosemwa. Kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani inazo maana zote mbili, ya kuchunguza kwa uangalifu na ya kupitia bila kukaza. Nawasihi msimfundishe mwenzetu kwamba maana ni moja tu, maana akija huku atawaelewa vibaya watu, naye ndivyo alivyoumia mara ya kwanza, ila kwa upande mwingine.

MwalimuRwashi:

Mwanangu wa Ndola, umesema kweli, nami nilikuwa nimelifupisha jambo kupita kiasi. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliliandikia neno hili maana ya kwanza kuwa ni kusoma, basi, bila kutaja umakini; kuchunguza kulifuata katika nafasi ya pili. Kwa hiyo hata zamani lilikuwa na ulegevu wake, na wale wanaosema kwamba maana nyepesi ni uharibifu wa vijana wa leo wanasahau hilo.

Hali hii si ya neno hili peke yake. “Scan” kwa Kiingereza lilikuwa kuchunguza jambo kipande kwa kipande, tangu karne ya 16, na katika karne ya 20 likapata maana ya kutupa macho haraka, nazo maana zote mbili bado zinatembea pamoja. Na kabla hatujawashangaa Waingereza, tutazame kitenzi chetu “kupitia”. Mkaguzi wa hesabu akisema amepitia vitabu vya mwaka mzima, anasema amekagua. Mtu akisema amepitia tu barua yako asubuhi, anaomba radhi kwamba hajaisoma vizuri. Kitenzi ni kimoja. Hapo ndipo naona chanzo halisi cha hasara ya MutafsiriKatuba: neno lenye njia mbili alilitafsiri kwa neno jingine lenye njia mbili, na msomaji wake akachukua njia iliyo rahisi, kama ambavyo mtu mwenye kazi nyingi angefanya.

Ushauri wangu unabaki huu: ukilikuta kinywani mwa mtu, sikiliza anazungumzia nini, ukilikuta katika barua ya ofisi iliyosindikiza karatasi za kutiwa sahihi, lichukue kwa uzito wake wote. Atakayesoma kwa makini karatasi iliyohitaji kutupiwa jicho amepoteza saa moja, na wewe umekwisha kuonja hasara ya upande wa pili.

MpendaKiswahili anajibu kuhusu tafsiri:

Swali la pili la mwenzetu halijajibiwa, nami ndilo lililonivuta, kwa sababu Kiswahili kina mali nyingi hapa na tunaiacha ilale.

Kitenzi kilicho karibu kabisa ni “kudurusu”. Kimetoka katika Kiarabu, shina moja na darasa na madrasa, na maana yake ni kusoma jambo kwa kulirudia na kulitia akilini. Mwanafunzi anadurusu masomo kabla ya mtihani, na mhariri anadurusu mswada kabla haujachapwa. Hapa Lubumbashi hakisikiki sana mitaani, lakini kimo katika vitabu na hakuna sababu ya kukiogopa. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya wasomaji watakihusisha na shule tu, na mfanyabiashara hatajua kwa nini anatumwa kudurusu mkataba.

Kisha kuna ukoo mwingine, ambao unanigusa zaidi. Kwa Kiarabu kusoma kwa uangalifu ni “mutalaa”, na humo ndimo mlimotoka “mtaala” wetu, huo ambao leo ni mpango wa masomo wa wizara. Kitenzi “kutalii” ni cha ukoo huo huo. Siku hizi tukisema watalii tunawafikiria wageni wanaokwenda kutazama sokwe wa Virunga, lakini kamusi za zamani zinakipa maana ya kuchunguza na kupeleleza. Kimesafiri kutoka kwenye kuchunguza hadi kwenye kutembea na kutazama, safari ile ile ambayo Mwalimu ametuonyesha katika neno la Kiingereza. Nilipoliona hilo nilikaa kimya kwa muda mrefu: lugha mbili zisizo na undugu, kila moja ikiwa na neno la uchunguzi ambalo limelegea na kuwa la kupitisha macho.

“Kupekua” sikishauri. Kuku anapekua takataka, askari anapekua mizigo, na ndani yake mna shaka. Kumwandikia mteja kwamba mmepekua mkataba wake ni kumwambia kwamba mlitafuta wizi. “Kuchambua” ni zaidi ya kusoma, kwa kuwa anayechambua anatenganisha na kutoa hukumu, kama mama anavyochambua maharage. Na kwa upande wa usomaji mwepesi, ambao Waingereza huuita “skim” kwa picha ya kuondoa utando wa juu wa maziwa, sisi tunacho “kuengua”, picha ile ile kabisa, ingawa waandishi wetu hawajakizoea kwa maandishi. “Kusoma juujuu” kinaeleweka na kila mtu, na kinatosha.

Kwa barua ya ofisi mimi ningeliacha neno moja na kutumia maneno matatu: “kusoma kwa makini”. Hayana pambo lolote, lakini hayawezi kueleweka kwa njia mbili, hapa mjini, Goma wala Dar es Salaam. Na mahali penye sahihi ningeongeza “kabla ya kutia sahihi”, hata kama mwandishi wa Kiingereza hakuyaandika, kwa sababu yamo ndani ya desturi ya neno lake na msomaji wetu hana desturi hiyo.

KaraniWaKamalondo:

Ndugu MpendaKiswahili, hapo mwisho nina pingamizi. Mfasiri akianza kuongeza maneno ambayo hayamo katika karatasi, siku ya mgogoro upande wa pili utasema tafsiri si ya kweli. Ufafanuzi huo uwekwe, lakini nje ya matini, katika maelezo mafupi yenye jina la mfasiri, ili ijulikane ni sauti ya nani. Ndani ya tafsiri pabaki “ili muisome kwa makini”.

MpendaKiswahili:

Nakubali, Karani. Maelezo ya nje ni bora kuliko nilivyopendekeza.

MutafsiriKatuba anarudi:

Asanteni sana, na kwa Mwalimu, mimi ni mama. Nimeyasoma majibu yenu yote mara mbili, na la kupitia ndilo lililonishika, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba kitenzi nilichokitumia tangu utotoni kina mlango wa nyuma.

Leo asubuhi nimemwonyesha mkubwa wangu mazungumzo haya. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa kila tafsiri itakuwa na ukurasa wa mbele wa kwangu, wenye jina langu na tarehe, utakaotaja vifungu vyenye malipo, adhabu na muda, pamoja na namba za kurasa zake. Barua ya kuomba siku za mpakani zisihesabiwe nimekwisha kuiandika kwa Kiingereza. Mwanzoni niliweka “for your perusal” mwishoni mwake, kisha nikaliondoa, nikaandika kwa maneno ya kawaida kwamba tunaomba wakisome kifungu cha ukurasa wa 11 kwa makini na watujibu kabla ya tarehe 15. Mwalimu, nikikutumia rasimu hiyo jioni hii, utaweza kunisahihishia?

MwalimuRwashi:

Nitumie, Mama. Nitaisoma neno kwa neno na kukurudishia kesho kabla ya saa nne asubuhi.